Mashimo Matupu ya Mstari wa Mwisho

Utoto wangu wote niliamini kwamba mbegu za mtama zina masikio. Nyanya yangu ndiye aliyenitia imani hiyo. Akipita karibu na kibuyu chake cha mbegu alishusha sauti, na sisi watoto tukianza kugombana hapo ndani alitufukuza tukagombanie nje. Sasa mimi ni mtu mzima, nina kazi ya ofisini hapa Lodwar na watoto wawili. Nikiulizwa kama bado naamini mambo hayo nasema hapana, kisha nabadilisha mazungumzo.

Tulikaa Lodwar, lakini kila likizo ya Aprili mama alinipeleka Kakuma kwa nyanya, mama yake mzazi. Boma lake lilikuwa ukingoni mwa laga, mto wa mchanga ambao karibu mwaka mzima unauvuka bila kulowa, halafu siku moja unakuwa mto kweli. Ng'ambo ya laga ilikuwa kambi ya wakimbizi. Upande wetu walikaa nyanya na mjomba Ekal, kitinda mimba wake, kijana wa miaka kama ishirini hivi aliyechunga mbuzi wa pale nyumbani. Ekal aliniita Mzungu kwa sababu nilivaa viatu hata mchangani. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, na mpaka leo ndio mluzi ninaoujua.

Watu wa mbali hudhani Waturkana ni mifugo tu. Mifugo ni mambo ya wanaume. Shamba la mtama ni la mwanamke, na nyanya alikuwa na lake, kipande kidogo mahali ambapo laga ikifurika huacha tope. Kabla ya kuvuna alichagua masuke yaliyojaa vizuri, akayaning'iniza juu ya moto ndani ya nyumba mpaka yakawa meusi kwa moshi, wadudu wasiyaguse. Baadaye aliyapukuchua, akazitia mbegu kwenye kibuyu na kukiziba mdomo kwa samadi iliyochanganywa na majivu. Kibuyu kilikaa karibu na mahali anapolaza kichwa, chini ya picha ya Bikira Maria.

Alikuwa Mkristo wa kusali kweli, si wa sikukuu. Jumapili hakosi misa, na rozari yake ilikuwa imepoteza rangi kwa kushikwa. Lakini mbuzi akichinjwa wakati wa kupanda ukikaribia, alichota majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi akatupaka kifuani na kwenye paji la uso, akakipaka na kibuyu. Katekista alimkuta siku moja akifanya hivyo.

"Mama, mambo hayo si tuliyaacha?" akamwambia.

"Ninyi mmeacha," nyanya akajibu. "Mvua nayo imeacha?"

Katekista alicheka, kisha akainamisha kichwa apakwe na yeye.

Katika miiko yake yote kulikuwa na mmoja aliourudia kila mwaka. Mbegu haitoki nyumbani kabla haijaingia kwenye udongo. Ikitoka inaondoka na mtu, na aliyeitoa ndiye anayebeba jambo hilo. Aliusema kwa sauti ile ile ya kutukumbusha kukung'uta viatu kwa sababu ya nge. Hakuwa anatutisha. Alikuwa anatuambia vile dunia ilivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na kibuyu kilikuwa nusu tu. Halafu ikanyesha. Laga ilijaa, ikashuka, tope likabaki, na nyanya akawa kila asubuhi anakwenda kulichoma kwa kidole gumba na kurudi akisema bado, halijashika.

Siku za kawaida alipeleka kuni kambini, nami nilimfuata. Mteja wake alikuwa mwanamke kutoka Sudan Kusini tuliyemwita Mama Nyandeng, kwa jina la binti yake aliyekuwa rika langu. Sijawahi kutoka mlangoni kwake bila kula kitu. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ndogo, upana wa mikeka miwili, iliyopata maji yaliyomwagika bombani. Jumamosi hiyo alikuwa amechuchumaa hapo, akiangalia udongo usio na kitu.

"Ejok, mama," alimsalimia nyanya kwa Kiturkana chake cha neno moja, kisha akageukia Kiswahili. "Saidia mimi na mbegu kidogo. Hii mtama ya mgao haioti. Nimejaribu mara mbili, inaoza tu."

"Nikimaliza kupanda nitakupa," nyanya alisema.

"Utapanda siku gani?"

"Tope ikishika."

"Hiyo ni wiki ngapi? Mvua itapita, mama. Mkono moja tu."

"Mbegu yangu haiwezi toka sasa," nyanya akasema. "Si uchoyo. Utapata, lakini si sasa."

Mama Nyandeng alisema sawa, akapokea kuni, akatuletea chai. Ile chai ndiyo iliyonishinda. Niliona aibu kubwa kuinywa, na nyanya aliimaliza yake bila wasiwasi wowote. Njiani kurudi nilimwona mchoyo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliwaza.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa nyanya alibaki kanisani kwa kikao cha akina mama. Ekal alikuwa na mbuzi vichakani nyuma ya boma. Nilikikwangua kibuyu mdomo kwa kijiti, nikamimina konzi mbili nikazifunga kwenye pindo la leso. Nilikiziba tena kwa samadi na majivu nikilainisha kwa mate, nikakirudisha chini ya Bikira Maria. Sikumtazama. Kisha nikavuka laga, maji yakiwa hayafiki hata kwenye vifundo vya miguu.

"Nyanya amekubali?" Mama Nyandeng aliniuliza.

"Amekubali."

"Amesema kwa mdomo yake?"

"Amekubali," nikasema tena.

Alizipokea kwa mikono miwili. Tulipanda sisi watatu, yeye akichimba, mimi na Nyandeng tukitia mbegu, na muda wote alikuwa akiimba kidogo kidogo puani. Nilifurahi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kupata furaha ya namna hiyo, ile isiyo na kitu kingine ndani yake. Nilijisahau. Tulicheza na tope, tukanawa, tukacheza tena.

Huko nyumbani nyanya alirudi kutoka kanisani, akaona weusi wa mvua mbali upande wa milima ya Uganda. Akauliza niko wapi. Ekal akasema nitakuwa kwa Nyandeng. Akamwambia nenda kamlete kabla laga haijashuka na maji ya huko.

Nilikuwa nateremka ukingoni na Nyandeng nilipomwona Ekal katikati ya mchanga, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Kwetu jua lilikuwa kali, hakuna tone la mvua.

"Mzungu, leo uvue viatu," aliniita.

Nikavivua. Nilikuwa nimevishika mkononi nikikanyaga maji ya kwanza alipogeuza kichwa kuelekea juu ya laga. Alisikia kabla yangu. Akaniinulia mkono.

"Rudi. Panda juu, Akiru. Panda."

Hakupaza sauti sana, lakini safari hii aliniita kwa jina langu. Nilirudi, Nyandeng akanivuta kwa mkono. Ekal aliangalia ukingo wa nyumbani, akaangalia wa kwangu, akaanza kukimbia kuja kwangu, sijui kwa nini, labda aliona sijafika juu. Maji yalikuja na rangi ya udongo na miti mizima ndani yake. Nilipotazama tena pale alipokuwa, hakuwapo. Nyandeng ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilisimama na viatu vyangu mkononi, nikavivaa, nikafunga kamba vizuri, fundo mara mbili kama alivyonifundisha mama. Nakumbuka zile kamba kuliko ninavyoukumbuka uso wa Ekal.

Walimpata siku ya pili, mbali, amenaswa kwenye mizizi. Mama na baba walikuja kutoka Lodwar. Mama alilia, wanawake wa kanisa walilia, Mama Nyandeng alivuka laga ilipopungua akaja kulia. Nyanya hakulia, na mimi sikulia. Watu walisema mtoto amepata mshtuko. Sikuwa na mshtuko wowote, nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila ganzi ya mguu huisha. Nilijua maneno ya nyanya, inaondoka na mtu, na nilijua mkono uliotoa mbegu ni upi. Sikumwambia mtu.

Siku ya nne nyanya alichoma tope kwa kidole gumba akasema limeshika. Mama alimwambia, "Mama, hata huu mwaka?" Nyanya akasema udongo haujui. Akachukua kibuyu, akaniita mimi.

Alichimba mashimo kwa kijiti kigumu, mstari kwa mstari, kama alivyofanya maisha yake yote. Mimi nilitia mbegu, yeye akazifukia kwa unyayo. Nyanya hakujua kusoma, lakini alijua kibuyu chake kikiwa nusu kinajaza mistari mingapi, na alichimba mistari hiyo. Tulipofika wa mwisho nilitia mkono kibuyuni, nikakuta hakuna kitu. Nilikigeuza. Vumbi la majivu likatoka.

Alikichukua, akatazama ndani, akatazama mdomo wake pale nilipoziba kwa mate. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja. Ningefurahi angenipiga.

"Zimeisha," alisema.

Halafu akapita mstari wote akifukia mashimo yale matupu kwa unyayo, moja baada ya jingine, taratibu, kama yana mbegu. Alipofika mwisho akafanya ishara ya msalaba, tukarudi nyumbani.

Tangu mwaka huo, kila Aprili, aliacha mstari wa mwisho hivyo hivyo, hata mbegu zikiwa tele. Alichimba, akafukia, hakutia kitu. Hakunieleza na sikumuuliza. Nilikua nikiamini kwamba ule mstari ni barua anayoniandikia mimi kila mwaka, kunikumbusha nilichofanya. Nilipoanza kazi nilimtumia unga na dawa za shinikizo la damu, lakini Aprili nilikuwa na udhuru kila mara. Nilikuwa namkimbia.

Alifariki mwaka juzi, kitandani mwake, rozari mkononi. Mama Nyandeng alikuja mazishini, amezeeka, binti yake ameshahamia nchi za ng'ambo. Aliniletea masuke matano ya mtama yaliyofungwa kwa kitambaa, meusi kwa moshi.

"Hii ni ile ya nyanya yako," aliniambia. "Kila mwaka napanda. Haijawahi kosa."

Nilishindwa kuyapokea. Miaka zaidi ya ishirini mdomo wangu ulikuwa mzito, na hapo, kati ya watu wanaokunywa chai ya matanga, nikamwambia kwamba nilimdanganya, nyanya hakukubali.

"Mimi najua," akasema. "Baada ya kuzika Ekal, nyanya yako alipanda, halafu alikuja kwangu. Aliuliza kama wewe ulileta mbegu. Nikasema ndiyo, mtoto alisema umekubali. Akaangalia ile bustani, mimi nikaogopa sana. Halafu akasema, ndiyo, nilikubali. Ni mimi nilituma yeye. Akasimama pale kwa bustani akasema tena kwa nguvu, ni mimi nilitoa. Nikamuuliza, mama, unaongea na nani? Akaenda zake."

Sikulia hata hapo. Nilikaa na masuke mapajani. Nilihisi kitu kikinisogelea kutoka mbali sana, lakini hakikunifikia, na chai ikapoa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mimi najua laga ndiyo iliyomchukua Ekal, na mvua ya Uganda, na kwamba alikuja kunifuata mimi. Nyanya alijua vingine. Kwa hesabu yake yeye, aliyeitoa mbegu ndiye anayebeba, na alikwenda mwenyewe mpaka ilikopandwa akalitoa jina langu akaliweka lake. Alimzika mwanawe, kisha akakubali mbele ya mbegu kwamba ni yeye aliyemtoa. Ule mstari mtupu haukuwa wangu. Ulikuwa wake, na nilimwachia aufukie peke yake miaka yote hiyo.

Nina kipande changu sasa, hapa Lodwar, karibu na mto Turkwel. Aprili hii, kabla sijapanda, jirani alituma mtu kuomba mbegu kidogo. Binti yangu Akai, ambaye nimemsimulia yote, alishika kibuyu akasimama mlangoni akinitazama.

"Mama, umekubali?"

Niliwaza nani bado yuko njiani, nani hajarudi nyumbani. Niliogopa, na baada ya ganzi ya miaka yote hiyo nikafurahi kuogopa.

"Nimekubali," nikasema. "Ni mimi ninayetoa." Nililisema kwa nguvu, nikiwa nimekielekea kibuyu, ili kama mbegu zina masikio zisije zikamtaja mtoto.