Saa Zangu na Futari ya Watu

Msinicheke, nimekwisha kuchekwa vya kutosha. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, na ugonjwa wangu ni saa za mkono za bei nafuu. Vijana wakirudi kutoka machimboni, mimi nawavizia stendi ya basi ninunue saa walizovaa kabla hata ndugu zao hawajawaona. Nazipenda, jamani! Kila moja na mlio wake.

Sasa, Ramadhani hii ya mvua, wingu lilifunika mji tangu adhuhuri, na saa ya msikiti ilikuwa imekufa. Maalim Idi, mwadhini wetu, akaniita, "Bwana Saa, magharibi imeingia?"

Nilikuwa nimevaa tatu. Mbili zilisema bado. Ya tatu, mpya, yenye rangi ya dhahabu, ilisema tayari. Mpumbavu mimi nikaamini iliyo nzuri!

"Tayari, Maalim!"

Akaadhini. Msikiti mzima ukafungua. Tende ya pili ilikuwa mdomoni mwangu wingu lilipopasuka upande wa Mbalizi, jua likatumulika sote, jua zima, wala halina haraka.

Maalim akatema tende yake kiganjani, akalinyooshea kidole.

"Na lile, Bwana Saa, linasema saa ngapi?"