Siku Sita za Mapera

Haya jamani, wazee wenzangu, sogeeni karibu mnipe masikio. Wenye meno na wenye mapengo, hii ni yenu. Vijana nao wakitaka kukaa wakae, lakini wazime hizo simu, maana hadithi yangu ni ya choo, na huko ndiko wanakoshinda nazo.

Enzi zetu huku Wusi, milimani Taita, tumbo halikuwa siri ya mtu. Asubuhi ukitoka nje unapangusa tongo, nyanya yangu hakuuliza kama umelala vizuri. Aliuliza, "Umeenda?" Tena kwa sauti, majirani wa mlima wa pili wasikie. Nyanya hakujua kusoma hata jina lake, kama mimi tu, maana shule mimi niliiona kwa dirisha. Lakini tumbo la mtu alilisoma kwa kidole kimoja. Anakubonyeza hapa, anakubonyeza pale, anakwambia ulikula nini juzi na uliiba kwa nani.

Na dawa zake zilikuwa shambani na jikoni. Tumbo likifunga: maji ya vuguvugu kabla hujatia kitu mdomoni, papai bivu, mboga ya mnavu, na ukwaju uliolowekwa usiku kucha, ule wa kutoka huko chini Voi kwenye joto. Likifunguka kupita kiasi: majani ya mpera yanachemshwa, unakunywa yale maji machungu, na ndizi mbichi za kuchemsha juu yake. Likijaa hewa, tangawizi. Na tumbo likiwa gumu kama ubao na mtu anatapika, nyanya alikuwa hagusi. Anasema, "Hiyo si yangu, hiyo ni ya hospitali," na mtu anabebwa saa hiyo hiyo.

Sasa Jumapili moja, mimi nina kama miaka minane hivi, tulirudi kanisani tukavamia mpera wa jirani. Watoto wa siku hizi wakiona pera wanauliza kama limeoshwa. Sisi hatukuuliza hata kama limeiva. Nilikula mapera, jamani, mpaka matawi yakainuka juu yenyewe kwa kupata wepesi. Nilimeza na mbegu zote. Ndege walikuja jioni hawakupata kitu, wakahamia Mwatate.

Jumatatu sikuenda. Jumanne sikuenda. Tumbo likatulia tuli kama jiwe la kusagia.

Na hiyo Jumanne ndiyo mjomba Mwakio, mtoto wa nyanya, alitangaza habari. Alikuwa anafanya kazi ya reli, anakaa Bomeni kule Taveta, na likizo yake ilikuwa inaisha. "Jumamosi nikirudi," akasema, "nitamchukua Wakesho. Tutapanda gari moshi pale Voi mpaka Taveta, akakae na watoto wangu wiki mbili." Wakesho ndiye mimi, na gari moshi nilikuwa nimelisikia tu kwa mbali, likilia bondeni kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye paa. Halafu mjomba akaongeza neno moja, "Lakini awe mzima. Mtoto mgonjwa sisafiri naye."

Jumatano asubuhi nyanya yuko uani anapepeta maharagwe.

"Wakesho, umeenda?"

"Nimeenda, nyanya."

"Kweli?"

Hapo ningesema "kweli" nikanyamaza, mambo yangeisha. Lakini mimi tangu kuzaliwa kwangu mdomo haujui kipimo. Nikasema, "Nimeenda mara saba! Mpaka magoti yanatetemeka!"

Nyanya akaweka ungo chini. "Mara saba? Mwanangu, hiyo ni kuhara!"

Papo hapo amekwisha kuchuma majani ya mpera, sufuria iko motoni. Nikanyweshwa kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Chakula, ndizi mbichi. Papai nikaambiwa nisiliangalie hata kwa jicho moja. Mti ulikuwa umenifunga kwa matunda, sasa ukaja kunifunga kwa majani! Alhamisi nyanya akauliza, nami nikasema ukweli, "Leo sijaenda." Akafurahi huyo! "Unaona? Dawa imeshika!" Akanichemshia nyingine.

Ijumaa mchana nilitumwa kufagia uwanja. Nikajaribu kuinama. Wapi! Tumbo lilitangulia mbele kama ngoma, nikisimama kivuli changu kinafika kwa jirani. Nikaona gari moshi linaniacha. Nikaanza kulia.

"Nyanya, nilidanganya. Sijaenda tangu Jumapili."

"Na zile mara saba?"

"Hata moja haikuweko."

Nyanya alicheka mpaka leso ikafunguka kiunoni. Mjomba yeye hakucheka. "Basi abaki," akasema. "Gari lina choo kimoja na watu mia."

"Mwakio," nyanya akasema, "nipe mpaka kesho jua likitoka. Asipoenda, mwache."

Ikawa kazi. Maji ya vuguvugu, papai nusu, mnavu sahani nzima, ukwaju mchachu mpaka jicho likafumba lenyewe. Kisha mtungi kichwani, "Teremka mtoni." Nikateremka nikapanda, nikateremka nikapanda. "Tumbo linataka miguu itembee," akasema. Jioni akanipa somo, ambalo mpaka leo nawapa wajukuu. "Ukichuchumaa usisukume kama unatoa lori kwenye matope. Kaa, tulia, pumua. Tumbo haliamrishwi, linabembelezwa. Na ukiitwa, itika saa hiyo hiyo."

Halafu akaweka sharti. "Chooni hapana. Shimoni hakuna shahidi, na wewe mdomo wako naujua. Utaenda kule migombani, nikaone kwa macho yangu."

Jumamosi jua halijatoka, nikanywa ukwaju wa mwisho. Mjomba amekwisha kuvaa viatu, begi lake liko mlangoni. Mara tumbo likaunguruma. Nyanya akaniangalia, nikamwangalia, nikakimbia migombani nimeshika gauni kwa mikono miwili.

Siwezi kuwaeleza yote, kuna watu hapa bado hawajala. Nitasema tu kwamba kuku walinyamaza, na mgomba mmoja ulilala chali.

Nikatoka nacheka. "Nimeenda!"

"Jumatano zilikuwa saba," mjomba akasema. "Leo ni ngapi?"

Kwa mara ya kwanza maishani nikasema namba ndogo. "Moja."

Nyanya akachukua fimbo, akaenda kukagua. Alikaa huko kama mtu anayepima shamba. Akafukia kwa udongo, akarudi anapangusa mikono. "Mwakio, beba nguo za mtoto. Ameenda. Mbegu za mapera zinajaa debe."

Nililipanda lile gari, jamani. Moshi, makaa puani, vumbi jekundu la Voi kwenye nywele. Nilitoa shingo dirishani mpaka twiga wakanisalimia kama ndugu yao. Taveta nikala ndizi mbivu wiki mbili, na kila asubuhi nikaenda, bila kuulizwa.

Siku hizi mtoto akifunga tumbo siku mbili, mama yake anauliza simu kwanza. Mjukuu wangu anakula chipsi asubuhi, chipsi jioni, maji hanywi ila yawe na rangi, halafu anakaa chooni saa nzima kichwa kimeinama, nafikiri anasali, kumbe anaangalia video. Nikimuuliza, "Umeenda?" anaona nimemvunjia heshima. Wusi bado iko na mito bado inateremka, lakini hakuna tena anayesimama uani asubuhi akataka kujua tumbo lako limeamkaje. Mimi lile swali nalikosa, wenzangu. Lilikuwa salamu. Mtu aliyekuuliza hivyo alikuwa anakupenda mpaka ndani kabisa.

Lakini ngojeni, sijamaliza. Miaka ikapita, mimi sasa ni msichana mkubwa, mjomba akaja tena likizo. Mimi na nyanya, amebeba ungo wake wa maharagwe, tukamkuta mjomba kule migombani, amekaa kivulini chini ya mpera mmoja mzuri, umejaa mpaka unagusa chini. Amekwisha kula kama kumi, mdomo unang'aa, na kikapu cha kupeleka Bomeni amejaza.

"Mama!" akaita. "Haya mapera ni matamu kama asali! Sijaonja kama haya Taita nzima. Huu mti aliupanda nani?"

Mimi nikaangalia mbali. Nyanya hata hakuinua macho kwenye ungo wake.

"Wakesho," akasema. "Asubuhi ile mliyokwenda Voi. Na hakushika jembe."