Jicho Lililofichwa Wageni

Maneno ya daktari yalikuwa mepesi. Jicho la kushoto la Adela, lile linalokimbilia nje, limezoea uvivu. Celestina amfunike mwanawe jicho zima, la kulia, kila alasiri, ili hili vivu lilazimike kufanya kazi. Kisha mtoto asogeze penseli taratibu kuelekea puani, akiikazia macho yote mawili. Wasichelewe. Akishakuwa mkubwa, jicho halifundishiki tena.

Celestina alirudi Bweranyange akamweleza mama mkwe wake, Kokubanza, aliyekuwa akibaki na mtoto yeye akiwa shambani. Kokubanza aliitikia kila neno. Si mwanamke wa kumbishia mtu usoni.

Tatizo lilikuwa wageni. Nyumba ile haikauki wageni, na mgeni haulizwi habari kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, ikiletwa kwenye kikapu kidogo na mtoto aliyepiga magoti. Siku ya kwanza Adela, jicho zima likiwa limefunikwa, alikikosa kiganja cha mzee Rwegasira. Kahawa ikamwagika.

"Huyu ananikaribisha mimi," mzee aliuliza, "au anakaribisha kuku?"

Wote walicheka isipokuwa Kokubanza. Alikihamishia kitambaa upande wa pili, juu ya jicho la aibu. Tangu hapo haikudondoka hata punje, na majirani wakaisifu dawa ya hospitali: kengeza halionekani kabisa. Hilo lilikuwa kweli. Kila jioni, mama aliporudi, kitambaa kilikuwa kimeshafunguliwa na penseli inasogezwa kwa bidii.

Walipokwenda kupimwa tena, jicho vivu halikuweza kusoma hata herufi kubwa ya juu.

"Mlikuwa mnafunika lipi?" daktari aliuliza.

"Zima," alijibu Celestina.

"Hili," alisema Adela, akigusa la kushoto. "Bibi hataki wageni walione."

Nyumbani, Celestina aliamkia kwanza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Adela. Daktari amefurahi?"

"Jicho linakufa, Mama. Mlifunika lile bovu."

"Ulitaka nimwanike mjukuu wangu kama kahawa, kila apitaye amkague?"

"Nilitaka aone."

"Mbona anaona! Kamwaga nini?"

Siku hizi Celestina huenda naye shambani, jicho zima likiwa limefunikwa, na mtoto hujikwaa kwenye visiki vya migomba huku akilia. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tu wajaribu. Kokubanza huwaeleza wageni kwamba mtoto alikuwa amepona kabisa, mpaka mama yake alipomchukua. Nao wanaamini, kwa sababu walijionea wenyewe.