Diski Yenye Sauti ya Wifi Yangu

Mtaani kwetu kaka yangu anaitwa Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno analomwambia kila anayekaa mbele ya kamera yake. "Tulia. Kidevu juu kidogo. Tulia hivyo hivyo." Alianza kazi ya kupiga picha hajaota ndevu, na siku hizi anawapiga picha wajukuu wa watu aliowapiga wakiwa maharusi. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti kisicho na egemeo, kioo cha kujitengenezea nywele na meza ya kompyuta iliyojaa waya. Mimi cherehani yangu iko barazani, mlangoni kwake kabisa. Ninashona na kuangalia. Kaka husema nina macho mengi kuliko nanasi. Ni kweli. Hata nyumbani, mtoto wangu akikohoa chumba cha pili, mimi nimeshaamka na kukaa kitandani.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka kwanza, ndipo akakueleza sababu. Binti yao alipozaliwa, kaka alinunua kamera ya video akawa anawarekodi nyumbani: wifi akimwogesha mtoto, akimbembeleza, akimsema kwa kulala mchana na kukesha usiku. Mtoto hajakaza miguu bado, wifi akaugua, akalazwa, hakurudi. Baadaye kanda zilipoanza kuota ukungu, kaka alimpa fundi azihamishie kwenye diski ya kompyuta, ile inayokaa ndani, akaiandika kwa wino mweusi: MAMA YAKE. Kanda zikatupwa.

Hakuoa tena. Binti alimlea mwenyewe, alimsuka mwenyewe pia, vibaya, mpaka nikamnyang'anya kitana.

Binti huyo ameolewa mji wa mbali. Mwaka jana alikuja na mumewe kututembelea, mimba imeshakuwa kubwa, akakaa juma zima. Siku ya kwanza tu alimwambia baba yake, "Baba, nataka kumsikia mama. Nataka nijue alivyokuwa anazungumza na mimi, kabla sijawa mama mwenyewe."

"Zipo, mwanangu," kaka akajibu. "Zote zipo. Utaondoka nazo."

Lakini kila siku ilikuwa kesho. Mara ana wateja, mara umeme unacheza, mara flashi ya binti haijulikani iliko. Nilimwona anavyolikwepa jambo lile, sikujua kwa nini.

Sasa ile kompyuta. Ilikuwa kongwe. Ukiizima, haikubali kuwaka mpaka ibembelezwe, na mara nyingine asubuhi nzima inapita. Kwa hiyo kaka hakuizima. Kifuniko cha ubavuni alishakitoa zamani, ikawa inakaa tumbo wazi. Alikuwa na diski kadhaa za picha za miaka tofauti, na mteja akitaka picha ya zamani, kaka alichomoa diski moja akachomeka nyingine, kompyuta inanguruma vile vile, kama mtu anayebadilisha betri za tochi.

"Siku moja itakuuma," nilikuwa namwambia.

"Inanijua hii, askari wangu. Shona."

Na kweli, miaka yote ile haikumfanya lolote. Hilo ndilo lililomponza. Ingemtisha mara moja mapema, angekuwa mwoga kama mimi.

Siku ya safari ikafika. Teksi ilisimama nje, mkwe anapakia mizigo, na basi halimsubiri mtu. Hapo ndipo kaka alipochomeka diski ya wifi na ile flashi, iliyokwisha kupatikana, akaanza kunakili. Kompyuta ikaonyesha kwamba kazi hiyo itaisha jioni. Wakati huo huo printa ilikuwa inatoa picha za watoto wa chekechea, na mwalimu wao amekaa kwenye kiti anajipepea kwa bahasha.

"Jamani Tulia, watoto hawa watapata wajukuu kabla picha hazijatoka!"

"Tulia, mwalimu."

Dereva akapiga honi. Binti akaingia, mkono kiunoni. "Baba, tunaachwa. Kama haiwezekani basi, nitazichukua nikishajifungua."

"Haiwezekani nini? Chukua diski yenyewe. Ofisini kwa mumeo kuna kompyuta za maana, atanakili, mtanirudishia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sindano zangu mdomoni. Nikaona taa ya ile kompyuta bado inapepesa. Mimi shule yangu fupi, sikujua taa ile inasema nini, ila nilijua kitu kinachopepesa kina shughuli. Nikatoa sindano. "Kaka, izime kwanza."

"Nikiizima, picha za mwalimu zinakatika, na hii mpaka kesho haiwaki."

"Basi mwalimu asubiri."

Mwalimu akanigeukia. "Hee! Mama cherehani, siku hizi umekuwa fundi kompyuta pia?"

Watu wakacheka. Hata binti alicheka. Kaka akaingiza mkono.

Waya mwembamba ulitoka vizuri. Waya wa umeme ulikaza. Kaka akaivuta diski huku ameiinamisha, waya ukaachia ghafla, diski ikagonga chuma cha ubavuni. Nikasikia mkwaruzo, kama kijiko kwenye sufuria kavu, kidogo tu. Kaka aliishika kwa mikono yote miwili.

"Inatetemeka," alisema, na hakukuwa na utani tena usoni mwake. Kisha ikaacha.

Binti aliifunga kwenye taulo jipya alilomnunulia mtoto, akaiweka kwenye mkoba, akambusu baba yake. Wakaondoka.

Kesho yake simu ikaja. Kaka aliweka sauti ya nje ili na mimi nisikie. "Baba, inalia tak, tak, tak, halafu inanyamaza. Kompyuta haiioni. Na kwenye flashi haikuingia hata video moja nzima."

Mumewe aliipeleka kwa fundi wa kike anayesifika kwa kazi hizo. Yule dada aliwaeleza kwa upole. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kidole chembamba kinachosoma bila kuzigusa. Ukiizima kompyuta kwanza, kidole kinarudi mahali pake na sahani zinasimama. Ukiichomoa diski ikiwa bado inazunguka, ukaitikisa, kidole kinaweza kuangukia sahani na kuikwangua. Hii ilikuwa imekwanguliwa hadi ikatoa vumbi. Wakampelekea fundi mwingine. Naye akasema hivyo hivyo.

Binti alipiga simu mwenyewe kutuambia. Hakulia. "Basi niambie wewe, Baba. Sauti yake ilikuwaje? Nzito? Nyembamba? Nilipokuwa nalia alikuwa ananiambia nini?"

Kaka aliiweka simu mezani, katikati ya waya.

"Mwanangu," akasema, "zile video sijawahi kuzifungua. Tangu tumzike, hata mara moja. Niliogopa. Nilijua zipo, ikanitosha. Sasa naitafuta sauti yake kichwani, siioni."

Mimi dada yake, niliyekaa mlangoni kwake miaka yote na macho yangu haya yote, hilo sikulijua.

"Sawa, Baba," binti akasema. "Pumzika."

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Hupiga simu kila wiki. Huuliza presha ya baba yake, huuliza wateja, huniuliza mgongo wangu. Mama yake hamtaji. Afadhali angefoka. Ningejua pa kushika.

Juzi kaka alikuwa anakata picha za pasipoti, mkasi ukasimama. Akaniita. Amekumbuka. Asubuhi wifi alikuwa akimwinua mtoto kitandani anamwambia, "Haya bimkubwa, majirani wamekuulizia, nimewaambia bado unajipamba." Alinieleza anacheka, na machozi yanamdondoka kwenye picha za watu.

"Mpigie sasa hivi," nikamwambia. "Mwambie, hata kama hajauliza."

Alizifuta zile picha moja moja kwa shati lake.

"Nikimwambia mimi," akasema, "atasikia sauti yangu."

Akaendelea kukata.