Aliyepiga Simu Akanyamaza

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya watoto hapa Machakos. Mbele yangu alisimama msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeiba simu ya mwalimu wake mara mbili. Afisa alikuwa ameshatoa fomu ya kumpeleka shule ya kurekebisha tabia. Pembeni walikaa nyanya yake wa Masii, aliyemlea tangu akiwa na miezi minne, na mama mzazi, aliyetoka kiwandani Athi River na nyuzi kwenye sweta.

"Ulitaka kuiuza?" afisa akauliza.

Msichana akatikisa kichwa, akamwonyesha mama mzazi kwa kidole. "Nilikuwa nampigia yeye."

"Kumbe ni wewe!" mama akaruka. "Nambari siijui, nikisema hallo, kimya. Nilifikiri ni mwanaume fulani."

Nyanya akacheka, akafunika mdomo kwa leso.

"Na mbona ulikuwa unanyamaza?" afisa akauliza.

Huku kwetu mtoto aliyelelewa na nyanya humwita nyanya mwaitu, yaani mama, na aliyemzaa humwita kwa jina, kama dada.

"Mwaitu ni huyu," msichana akasema. "Na yeye sikutaka kumwita kwa jina."

Vitabu nilivyosoma husema mtoto akitenganishwa na mamake mapema huharibika. Huenda ni kweli. Havisemi kwamba anaweza kuiba simu kisha akose la kusema.

"Mwite mwaitu na yeye," nyanya akasema. "Mimi sitaona wivu." Lakini alikuwa ameushika mkono wa msichana kwa nguvu.

Afisa akairudisha fomu kwenye droo.