Gari Lililonunuliwa kama Ng'ombe

Kuna watu wakipata fedha hupata na akili, na kuna Venanti wa Muyama. Mwaka ule wa sabini na saba kahawa ilipanda bei hata waliozoea kwenda peku wakavaa viatu vya ngozi, na Venanti, aliyekuwa na mibuni mingi kuliko busara, akatangaza kilabuni kwamba atanunua gari. Mkewe Theodosia alipopata habari hakushangaa. Miaka yote aliyokaa na mtu huyo, kilichomshangaza ni pale tu alipofanya jambo la maana.

Safari hii, hata hivyo, gari lilihitajika kweli. Mama yake Theodosia, Bi Esteri, alikuwa Kibondo, alikoishi na mwanawe wa kiume mpaka mwana huyo akafariki. Alianguka njiani akitoka kisimani, akavunjika nyonga, na Theodosia akaacha nyumba yake akaenda kumuuguza hospitalini. Nyonga iliunga, lakini vibaya. Madaktari wakasema mguu ule hautakunjika tena. Arudishwe nyumbani, na asafirishwe amelala, mguu umenyooka. Nyumbani sasa kulikuwa Muyama kwa binti yake, mbele ya Kasulu, mwendo wa kutwa nzima katika barabara ya vumbi na mashimo. Bi Esteri alikuwa na ombi moja tu lililobaki duniani, asije akafia wodini.

Pale Kibondo yalikuwa yanauzwa magari mawili. La kwanza ni Pijo refu la daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, jeupe, viti laini, nyuma pana. La pili ni la mhandisi mmoja wa barabara: jekundu, fupi, milango miwili, tumbo karibu na ardhi, lililotengenezwa kwa vijana wanaopenda kukimbizana. Theodosia alikwenda mwenyewe kwa daktari na mkeka wa mama yake, akautandika nyuma ya Pijo, ukaenea. Akatuma ujumbe Muyama kwa maneno yasiyohitaji mkalimani: mumewe anunue la daktari.

Venanti akaja na wanaume wawili wa kilabuni. Yaliyofuata Theodosia alisimuliwa na Omary, mwenye duka wa Kasulu, ambaye naye alikuwa anatafuta gari la kubebea watoto wake na magunia ya chumvi.

Waha wanajua kununua ng'ombe, hilo halina ubishi. Lakini kuna wanaume wa kule ambao hawamwangalii ng'ombe kwa maziwa. Wanaangalia pembe, wanaangalia rangi, basi. Maziwa ni habari ya wanawake. Venanti akalizunguka Pijo mara moja, akasema hili ni jike lililozaa sana. Akaenda kwenye lile jekundu. Akalipapasa mgongo, akachuchumaa kulitazama chini ya tumbo, akamwomba mhandisi alingurumishe. Liliponguruma akapiga makofi, akainua mikono juu kama pembe, akaanza kulighania sifa kama dume linavyosifiwa mbele ya zizi, na wenzake wakaitikia. Mhandisi alidhani wamelewa. Hakuna hata mmoja aliyefungua mlango kuangalia viti. Omary, ambaye hakuwa na ng'ombe hata mmoja maishani mwake, akanunua Pijo.

Asubuhi yake Theodosia alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Bi Esteri alikuwa amelazwa barazani juu ya machela, amepakwa mafuta, amefungwa kilemba kipya. Honi ikalia, likaingia gari jekundu, na akashuka Venanti na miwani ya jua usoni. Theodosia aliona aibu hata masikio yakamwaka moto.

Venanti akasimama akiwapa mgongo wanawake wote wawili, maana hakutakiwa kutazamana na mkwewe, akaeleza kwa sauti ili baraza lote lisikie. Kiti cha mbele kinalala, alisema. Akavuta kishikio, kweli kikalala. Mama atapumzika pale, Theodosia na mizigo watajibana nyuma.

"Na wewe utakaa wapi?" Theodosia akauliza.

"Si kwenye usukani, kwani wapi tena?"

Baraza zima likageuka kumtazama. Mtu mzima, Muha wa kuzaliwa, anayemwona mkwewe njiani akaingia majanini kumpisha, ambaye hajapata kula naye chungu kimoja, sasa alitaka mama huyo alale chali kando ya kiwiko chake, kutwa nzima, yeye akibadilisha gia karibu na paja lake. Mgonjwa mmoja akacheka, wa pili akafuata. Bi Esteri akajifunika uso kwa kitenge.

"Theodosia," akasema toka humo ndani, "nirudishe wodini."

Hapo ndipo Venanti alipoelewa, tena nusu. Akasema atatundika shuka katikati. Kicheko kikazidi.

"Baba Immakulata," Theodosia alisema taratibu, "ulipokuwa unalisifu, hukumkumbuka mama hata kidogo?"

Venanti akajibu kwamba gari lile lina mbio, wangefika Kasulu kabla ya adhuhuri.

"Sikukuuliza mbio," akasema Theodosia.

Omary alikuwa amepita kuwaaga. Hakusubiri kuombwa. Akalaza viti vya Pijo, akatandika godoro, akawaita wahudumu wabebe machela. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale, angeweza kumtazama bibi na kumwuliza kama mto umekaa sawa. Alimwambia Theodosia kwamba mama yake ni mama yao wote, apande.

Basi Pijo likatangulia, dume jekundu likafuata likila vumbi. Kila penye tuta katikati ya barabara lilikwangua tumbo, na kila lilipokwama Venanti alishuka na miwani yake kutafuta wa kumsukuma. Kabla ya Kasulu akawa nukta tu nyuma yao. Theodosia alimtazama kupitia kioo na hakumwonea huruma hata chembe. Akaanza kumsema. Mjinga, akasema, mpenda ngozi, mtu wa kuona nje tu, sijui Mungu alimnyima nini. Alisema mpaka Omary akajifanya anasikiliza injini.

Bi Esteri alimwacha amalize.

"Unamkumbuka Reverien wa Manyovu?" akauliza.

Theodosia alimkumbuka kwa mbali, mtu mfupi, mwenye sauti ndogo.

"Baba yako alikuwa amekubaliana na kwao. Mtu mpole, mkulima, asingekutesa. Wewe ukalia siku mbili ukamtaka huyu. Dada zako walikuambia hana akili, nami nikakuambia hivyo hivyo."

"Nikajibuje?"

"Ukasema, mama, hebu mtazame anavyotembea."