Babu Leodgar na Mkoba wa Mtani, Roma

Babu yangu Leodgar ni katekista wa kigango chetu kule Usinge tangu mama yangu hajaolewa. Kila mwaka, watoto wa komunyo ya kwanza wakifika kwenye somo la mashahidi wa Roma, babu husimama, akanyoosha fimbo na kuwachorea hewani Koloseo, ule uwanja ambamo Wakristo walitupwa kwa simba. Anaueleza vizuri mpaka unadhani baiskeli yake ameiegesha mlangoni pale. Alikuwa hajawahi kufika. Hata Dar es Salaam alikwenda mara moja tu, kwa ajili ya jicho.

Kwa hiyo hija ya Roma ilipotangazwa, na wanawe wakauza tumbaku wakamchangia, alisema jambo moja tu: "Nikishapiga goti ndani ya uwanja ule, mengine mtapanga wenyewe."

Nikachaguliwa mimi, Minza, kumsindikiza. Wajomba walisema sina maneno mengi, sitamchosha mzee. Hiyo ndiyo sifa yangu ya pekee inayojulikana, na haijawahi kunipatia kitu kingine chochote.

Kwenye kundi letu alikuwepo Mama Benedikta, Mzaramo wa Pugu. Aliposikia babu ni Mnyamwezi, alishusha miwani.

"Kumbe ndio nyie. Babu zenu walikuwa wakipita kwetu na mizigo ya pembe, wanakunywa kisimani, wanaoga humohumo, wanaacha tope. Kisima hakijatulia mpaka leo."

"Mngechimba kingine," babu akajibu. "Lakini nyie Wazaramo, ngoma mngeiacha saa ngapi?"

Kuanzia hapo hapakuwa na amani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haombi ruhusa. Anachukua kitu chako unamwona, na ukinuna umeshindwa. Mama Benedikta alimlia babu nyama yake hotelini. Kesho yake kofia ya babu ikapotea. Babu akawa anatabasamu huku anawaza namna ya kulipiza.

Siku ya mwisho ndiyo ilikuwa ya Koloseo. Tulianza na magofu ya mji wa kale yaliyo jirani. Nguzo zimelala, kuta nusunusu, nyasi zimeota katikati. Mimi nilidhani tumefika wakiwa bado wanabomoa. Babu aliwahi kunipeleka Kwihara kuona tembe, jumba la udongo la wakati wa misafara, nalo angalau lina paa.

"Tiketi zetu ni za saa tano," alisema Padre Octavian, kiongozi wetu. "Atakayechelewa atauona uwanja kwa nje."

Mama Benedikta akaweka mkoba chini apigwe picha. Babu akaninong'oneza, "Minza, kaufiche ule."

Niliuchukua taratibu, nikausukumia nyuma ya jiwe kubwa, chini ya kichaka, nikaufunika kwa majani. Niliiona ni kazi ya fundi. Sikujua kwamba wenzetu kule wakikuta mkoba hauna mwenyewe hawafikirii utani. Na huyo fundi alikuwa ameacha mkanda mwekundu nje.

Mlinzi akauona. Filimbi zikalia, tukasukumwa nyuma wote, utepe ukafungwa.

"Kuna nini?" babu akauliza.

"Wameona mkoba umefichwa," alisema Padre. "Wanahofia bomu."

Babu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama Benedikta alikuwa anajipapasa bega.

"Mnyamwezi," alisema polepole, "mkoba wangu uko wapi?"

Babu alinyoosha mkono juu kama mtoto wa darasani, akamwendea mlinzi, Padre nyuma yake. "Mwambie ni mimi. Mtoto nilimtuma."

Mlinzi alisema mengi. Padre akatafsiri machache. "Anauliza huyu mama alikukosea nini."

"Mwambie alikula nyama yangu."

Hilo Padre hakulitafsiri.

Mkoba ulifunguliwa. Mlikuwa na khanga, vipande vya mhogo mkavu, dawa ya mgongo, na kofia ya babu. Tulikaripiwa mmojammoja kwa Kiitaliano. Zamu yangu ilipofika niliitikia "marahaba", sijui kwa nini.

Tulipofika getini saa yetu ilikuwa imepita. Mtu wa geti akatikisa kichwa. Babu hakubembeleza. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, fimbo katikati ya magoti, akauangalia ukuta. Nilitaka kumwambia pole na maneno hayakuja, kama kawaida yao.

Mama Benedikta alikuwa na haki ya kununa siku hiyo. Badala yake alivaa kofia ya babu, akampokonya fimbo, akapinda mgongo. Akaanza kutembea mbele ya geti akimwigiza, kama watani wanavyomwigiza marehemu msibani.

"Watoto," alisema kwa sauti ya babu, "Roma nimefika. Koloseo ina ukingo mzuri sana wa kukalia. Simba sikuwaona, niliona viatu vya watu."

Watu kwenye foleni wakacheka bila kuelewa neno. Babu alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Mtu wa geti alimwangalia mzee, akaangalia saa yake, akafungua kamba.

Ndani, babu alishika reli akachungulia chini. Sakafu ya uwanja kwa sehemu kubwa haipo, unaona vyumba vya chini tu, kama mzinga wa nyuki uliofunuliwa.

"Miaka yote nimewafundisha watoto mlango mmoja," alisema. "Kumbe ni mingi hivi."

"Piga goti, mtani, wasije wakatutoa," alisema Mama Benedikta.

Akapiga goti kwenye njia ya wageni, akasali. Kunyanyuka kukamshinda. Tulimwinua sote wawili, huku na huku.

"Picha umepiga?" akaniuliza.

Simu ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Nilikuwa nimeishika kama kipande cha sabuni, namtazama yeye.

"Rudi chini upige tena," Mama Benedikta akamwambia.

"Goti nililotaka lilikuwa hilohilo," alisema babu. "Twende."